Shajara ya Mradi: Kuvisha Gari Filamu ya Kinga kwa Mkono Wangu

7 Juni 2025: Gari, filamu na vipimo

Gari ni jeusi, na nyeusi haifichi kitu. Wiki iliyopita nilichuchumaa mbele ya boneti na tochi nikahesabu alama 41 za vijiwe, saba kati yake zimechimba mpaka rangi ya msingi. Safari zangu nyingi ni za barabara kuu, nyuma ya malori, kwa hiyo alama zitaongezeka tu. Nimeamua kuvisha sehemu ya mbele filamu ya kinga: boneti, bampa, taa, vioo vya pembeni, pamoja na vile vikombe vya nyuma ya vishikio vya milango ambavyo hukwaruzwa na kucha kila siku. Nitaifanya mwenyewe na kuandika kila hatua, hasa zile zitakazoharibika, ili atakayeiga asilipie makosa ambayo mimi nimeshayalipia.

Kwa asiyeijua, hii si tinti wala stika. Ni poliurethani, plastiki angavu inayonyumbuka, ina gundi upande mmoja, na juu ina tabaka jembamba linaloziba michubuko midogo likipata joto. Filamu za aina hii zilianza wakati wa vita vya Vietnam, zikikinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga. Yangu ina unene wa mikroni 190, karibu moja ya tano ya milimita. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150, na klia, yaani ile vanishi ya juu, ni kama 40 au 50 tu. Filamu ni nene kuliko rangi inayoilinda. Ndiyo maana sikutosheka na siramiki, yaani kimiminika cha kinga kinachopakwa juu ya rangi, peke yake: ile hurahisisha kuosha na kuleta mng'ao, lakini unene wake hauwezi kuzuia jiwe.

Nilishika pia kipande cha filamu ya PVC, ambayo bei yake ni nafuu zaidi. Ni ngumu kwenye mikunjo na huwahi kugeuka njano. Niliirudisha.

Nimenunua mita 6 kutoka roli lenye upana wa mita 1.52. Filamu peke yake imekula zaidi ya robo tatu ya bajeti. Fedha zilizobaki zimeingia kwenye raba mbili za kukamulia maji (moja laini, moja ngumu), chupa tatu za kunyunyizia, spiriti ya isopropili, shampuu ya watoto, klei (udongo laini wa kung'olea uchafu ulioganda kwenye rangi), vitambaa vya makrofaiba, visu vya kuvunja ncha na uzi wa kukatia filamu. Bunduki ya hewa moto ninayo, na mita ya kupima unene wa rangi nimeazima.

Hiyo mita ya kuazima ndiyo iliyoniokoa mapema. Boneti ilisoma kati ya mikroni 105 na 125 kila nilipogusa. Mudgadi ya kulia hivyo hivyo. Mudgadi ya kushoto ikasoma 260, kisha 310. Ilishapigwa rangi upya kabla sijalinunua gari, na sikuambiwa. Nilibandika utepe wenye gundi kali karibu na ukingo wa chini, nikaubonyeza, nikaunyofoa kwa nguvu. Ulitoka na kigamba cha rangi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, upande wake wa ndani mweupe kwa vumbi la msasa. Aliyepiga ile rangi hakusafisha bati. Kama ningebandika filamu pale, siku ya kuitoa ingeondoka na rangi yote. Mudgadi ya kushoto haivishwi. Wewe unayefuata, usiruke jaribio hili.

8 Juni: Kuosha, saa 6 za kazi

Nimeosha, nimetoa lami, nimepuliza dawa ya kuyeyusha chembe za chuma za vumbi la breki (hugeuka zambarau inapozikuta), nimeosha tena. Nikadhani gari ni safi. Kisha nikavaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi na kupapasa boneti polepole. Ilikwaruza kama msasa laini. Mfuko huondoa ulaini wa kidole, na mkono unahisi kila punje. Klei ilichukua saa mbili zaidi, nikipitisha kwa maji mengi, mpaka mfuko ukateleza bila sauti.

Alama saba za ndani nimezijaza rangi ya kalamu, tabaka jembamba kwa tabaka, nikaziacha zikauke. Shimo likiachwa wazi, hewa hubaki chini ya filamu na linaonekana kama kidoa cheupe.

Kosa la leo: shampuu niliyoanza nayo ilikuwa na nta ndani. Niligundua baada ya maji kujikusanya shanga shanga juu ya rangi. Gundi haishiki kwenye nta. Nimefuta boneti na bampa lote kwa spiriti mara mbili, mpaka maji yakatandaa badala ya kujikunja.

14 Juni: Vipande vidogo na maji ya aina mbili, saa 4

Nilianza na vikombe vya vishikio ili mkono uzoee. Kazi hii inategemea maji mawili. La kwanza ni maji ya kuteleza: lita moja ya maji safi na matone manne ya shampuu ya watoto. Haya huifanya filamu ielee juu ya rangi uisogeze utakavyo. La pili ni maji ya kushika: spiriti iliyochanganywa na maji, hupulizwa pale tu unapotaka gundi ikamate sasa hivi.

Kikombe cha kwanza kiligoma kushika kabisa. Nilikuwa nimetia kijiko kizima cha shampuu nikiamini kingi ndiyo kizuri. Nilikamua, nikakamua, kipande kikabaki kinacheza kama sabuni kwenye karai. Nilimwaga mchanganyiko wote, nikatengeneza upya kwa matone manne, na kikombe cha pili kikakaa kwa dakika tano.

Vioo vya pembeni vilinifundisha joto. Mgongo wa kioo umejikunja pande mbili kwa pamoja, na kipande bapa hakiwezi kuukaa bila kubembelezwa. Nilikipasha kidogo kikiwa bado kimelowa, nikakivuta kwa mikono miwili, nikakamua kuanzia katikati. Mkunjo mmoja mdogo umebaki chini ya kioo cha kulia. Hauonekani ukiwa umesimama.

Filamu iliyotumika: mita 0.5.

15 Juni: Boneti imeharibika, saa 3

Nimepoteza mita 1.3 leo, zaidi ya moja ya tano ya filamu yote. Naandika kwa mpangilio, kwa sababu makosa yalikuwa matatu na kila moja lilimsaidia mwenzake.

Kwanza, gari lilitoka juani. Niliingiza ndani saa tisa alasiri na kuanza baada ya nusu saa, boneti ikiwa bado vuguvugu. Maji ya kuteleza yalikauka kabla sijamaliza kupuliza upande wa pili.

Pili, vumbi. Feni ilikuwa inazunguka na sakafu ilikuwa kavu. Nilibandua plastiki ya mgongoni kwa mkupuo mmoja, kwa mikono mikavu. Ukibandua hivyo, filamu hupata chaji ya umeme na kuvuta kila kinachoelea hewani. Niliiona kwa macho: unyuzi mmoja wa kitambaa ulikuwa unashuka taratibu pembeni, ukageuza njia na kwenda kujibandika kwenye gundi kama umeitwa.

Tatu, na hili ndilo lililoimaliza, maji yangu ya kushika yalikuwa karibu nusu spiriti. Nilipuliza katikati ya boneti kabla filamu haijanyooka. Ilikamata papo hapo ikiwa na mkunjo. Nikainyanyua ili nirudie. Gundi iliachia kwa kishindo kidogo kidogo, tap, tap, tap, na kila iliposita ilichora mchirizi. Nilipoilaza tena, michirizi ilibaki ndani ya gundi, mistari kumi na zaidi inayofuatana kama mawimbi ya mchanga ufukweni. Joto halikuiondoa. Raba haikuiondoa.

Nilihesabu pia chembe za vumbi kabla ya kuitoa: 23.

Kuitoa kulikuwa rahisi. Ipashe joto, ivute polepole kwa pembe ndogo, karibu kulala juu ya bati, wala usiinyanyue juu. Rangi ya chini imebaki salama. Hilo lilinipa moyo wa kuendelea, maana jioni ile nilikuwa nimekaribia kuacha.

21 Juni: Boneti mara ya pili, saa 3 na nusu

Gari lililala ndani usiku kucha. Feni imezimwa, madirisha yamefungwa, sakafu na kuta zimenyunyiziwa maji. Nguo niliyovaa haina manyoya. Spiriti nimeipunguza hadi sehemu moja kwa sehemu tisa za maji.

Mdogo wangu alishika upande wa pili. Tulibandua plastiki kidogo kidogo, mmoja akibandua na mwingine akipuliza gundi papo hapo, vidole vimelowa muda wote. Kidole kikavu kikigusa gundi kinaacha alama yake, na ile alama inakaa humo miaka. Tuliilaza filamu juu ya boneti iliyojaa maji, ikaelea, tukaisogeza mpaka ziada ikalingana pande zote. Kisha maji ya kushika kwenye pembe mbili za juu tu, karibu na kioo, ili iwe na mahali pa kusimamia.

Hapo raba ikaanza. Katikati kwenda nje, kila mpigo ukiingia nusu ya mpigo uliotangulia, mkono ukiwa imara. Nilikuwa nasikia tofauti: penye maji raba huteleza kimya, na pakishakamuliwa hutoa mlio mkavu. Nilifuata mlio.

Yamebaki malengelenge machache ya maji. Nimeyaacha. Maji hupata njia ya kutoka kwa siku chache, na mengine kwa wiki mbili. Lengelenge la hewa ndilo halitoki. Ukilibonyeza, linahama tu na kurudi. Nilipata moja kubwa kama punje ya mchele, nikalitoboa kwa sindano nyembamba sana kwa kulala, nikaisukuma hewa, nikabonyeza. Tobo silioni tena.

Nilikosea kwenye kukata. Karibu na taa ya kushoto nilipunguza ziada kwa kisu, nikaamini mkono wangu. Kisu kilipita filamu na kugusa klia. Kuna mstari wa sentimita 3, mwembamba kama unywele, na sasa uko chini ya filamu. Kuanzia hapo nimetumia uzi. Ni utepe mwembamba wenye uzi mkali ndani yake: unaubandika juu ya rangi mahali unapotaka mkato, unalaza filamu juu, kisha unavuta uzi nao unapasua filamu kutoka chini. Kisu hakigusi gari. Nilikuwa nao tangu siku ya kwanza na sikuutumia kwa kuona unapoteza muda. Dakika zilizookolewa ni kama kumi.

Chembe za vumbi: 4, zote pembeni. Filamu: mita 1.3.

28 Juni: Bampa, saa 6

Kila aliyewahi kubandika filamu aliniambia bampa ndilo mtihani, na wana haki. Boneti ni shuka. Bampa ni pua, mashavu na tundu mbili za taa za ukungu.

Tulianzia katikati, juu ya grili, tukakamata hapo, kisha tukaenda kulia na kushoto kwa zamu. Katikati na sehemu za juu zilikaa vizuri ndani ya saa mbili. Pembe za chini ndizo zilizotula saa nne. Filamu ilikuwa inajikusanya vidole vidole, yaani mikunjo midogo inayosimama ukingoni kila inapokosa pa kwenda. Upande wa kushoto nilinyanyua, nikapasha joto, nikagawanya ule wingi kidogo kidogo mpaka vidole vikaisha. Upande wa kulia tulikuwa tumechoka. Niliishika filamu, nikaivuta kwa nguvu mpaka vidole vikapotea, nikapuliza maji ya kushika, nikakamua haraka. Ilionekana safi kuliko hata kushoto.

Jirani yetu, mzee ambaye amebandika stika za magari kwa miaka mingi, alipita akasimama. Alipitisha kidole kwenye ile kona.

"Bwana mdogo, hapa umeivuta."

"Nimeivuta, mzee, lakini imeshika."

"Imeshika leo. Itarudi kwao."

Filamu: mita 2.2. Niliikata kwa upana wote wa roli wakati bampa linahitaji nusu tu. Mabaki yametosha taa zote mbili, kwa hiyo hayakupotea, lakini panga kata zako kwenye karatasi kwanza.

1 Julai: Imerudi kwao

Kona ya kulia imenyanyuka, sentimita 2 kwa ndani na urefu wa kiganja. Ukingo umejikunja kwa nje na vumbi limeshajibandika kwenye gundi.

Nimekaa nayo muda mrefu jioni hii, kwa sababu nilitaka kuelewa kabla ya kugusa. Poliurethani hii hukumbuka umbo lake. Ukiikwaruza kidogo kisha ukaipa joto, uso hurudi ulivyokuwa, na ndiyo sifa iliyonifanya niinunue. Lakini kumbukumbu hiyo hiyo ndiyo inayonyanyua kona. Filamu iliyovutwa ikiwa baridi hujivuta kurudi kwenye udogo wake mchana na usiku, na gundi changa ya ukingoni haiwezi kushindana nayo. Ikipashwa joto kwanza, hulegea na kukubali umbo jipya, kisha ikipoa hapo hapo haivuti tena kwa nguvu ile. Mzee aliyajua haya kwa kidole tu.

5 Julai: Kurekebisha kona, saa 2

Sikubandika kipande kipya. Nilipasha kona yote, si ukingo peke yake, nikaibandua taratibu kwa sentimita kama 15 kuelekea juu, mpaka nilipofika sehemu ambayo haikuvutwa. Nikapuliza maji ya kuteleza pande zote mbili. Nikaipasha tena ikiwa imening'inia, bila kuivuta, nikaiona ikilegea na kujirudi yenyewe. Ilirudi sana: ule upana wa uongo nilioulazimisha siku ile ulikuwa karibu sentimita 3.

Baada ya hapo nililaza kwa mpangilio mwingine. Nilivuta kwa kulalia pembeni, kuelekea gurudumu, ambako kuna nafasi ya kutandaza wingi, badala ya kuvuta chini moja kwa moja. Pale kwenye mkunjo mkali wa chini niliweka mkato wa kupumulia, mfupi wa sentimita 1, ukiwa upande wa ndani usioonekana, ili filamu igawanyike badala ya kubishana. Sehemu ya ukingo iliyoshika vumbi niliikata, kama milimita 4. Halafu maji ya kushika ukingoni, dakika moja ya kusubiri, kukamua kwa raba ngumu iliyovishwa kitambaa, na mwisho joto la kufungia: nilipasha ukingo wote mpaka mkono usivumilie kuugusa zaidi ya sekunde chache, nikaubonyeza kwa kidole chenye glavu mpaka ukapoa.

Kisha nikarudia joto la kufungia kwenye kingo zote za bampa, hata zilizoonekana salama. Lilitakiwa kufanyika tangu 28 Juni.

13 Julai: Kuosha mara ya kwanza

Zimepita siku nane tangu kona irekebishwe. Kabla ya siku saba sikuosha wala kugusa. Shampuu laini, maji kwa mkono, mashine ya presha nimeiweka mbali na kingo na haielekezwi moja kwa moja kwenye ukingo wowote. Malengelenge ya maji ya boneti yamekwisha yote. Kona ya kulia imetulia.

2 Agosti: Hali baada ya wiki tano, na hesabu

Kuna mkwaruzo mwepesi wa kiganja kizima kwenye boneti, sijui wa nini, labda kamba ya mfuko. Nilimimina maji ya moto polepole juu yake. Kwa sekunde chache za kwanza hakuna kilichotokea. Kisha mistari ikaanza kufifia kutoka kwenye ncha zake kuelekea katikati, na nilipopangusa maji haikuwepo. Nilimwita mdogo wangu aone. Mkato uliopenya filamu hauponi hivyo, na ninao mmoja mdogo kwenye bampa, wa jiwe. Chini yake rangi ni nzima.

Filamu: kati ya mita 6, zimetumika 5.3, na 1.3 kati ya hizo ziliishia kwenye ndoo ya taka. Muda: saa 24 na nusu kwa ujumla, sita zikiwa za kuosha. Ukiondoa boneti iliyoharibika na kona iliyorudiwa, kazi hii ni ya saa 19 na nusu kwa mtu asiyeijua akiwa na msaidizi. Peke yako, usijaribu boneti.

Mudgadi ya kushoto imekwanguliwa na kupigwa rangi upya wiki hii, safari hii hadi kwenye bati. Vimumunyisho vya rangi mbichi vinahitaji kutoka, na filamu ingevifungia ndani, kwa hiyo naipa siku 30 kamili kabla ya kujaribu tena ule utepe. Mita 0.7 zilizobaki zimeviringishwa na kusimamishwa pembeni, ndani ya plastiki, zikisubiri. Ingizo lijalo litaanzia hapo.